Mtoto aliyepasuliwa moyo na kumweka ngozi kwa ngozi: mshono wa kidari tuulindeje?

Nesi_Makorora ameandika:

Hamjambo wana jukwaa. Naomba msaada wa kitaalamu, na tafadhali nijibuni kwa vitendo: mkono unakaa wapi, muda gani, nini kiniambie nisimamishe.

Kuna mtoto wa miezi minne, kilo 4.6, amerudi Tanga kutoka Dar es Salaam baada ya kuzibwa tundu kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo. Leo ni siku ya 12 tangu apasuliwe. Mshono uko katikati ya kifua, umekauka, mirija na nyaya zote zilishatolewa. Anatumia furosemidi (ya kutoa maji mwilini kwa mkojo) na kaptoprili (ya kuupunguzia moyo kazi). Oksijeni yake ni asilimia 97 bila kusaidiwa. Ananyonya lakini anachoka upesi, na usiku analia sana.

Karatasi ya ruhusa inasema asinyanyuliwe kwa kwapa na asilazwe kifudifudi bila mtu wa kumwangalia, kwa wiki sita. Nyumbani wameielewa kwamba mtoto asiguswe kabisa. Kutwa yuko chali kitandani, mama anamnyonyesha kwa kumwinamia. Bibi yake naye anasubiri mshono upone amkande kwa mafuta ya nazi na kumnyoosha viungo, kama ilivyo desturi yetu huku.

Je, mama anaweza kumweka kifuani kwa njia ya kangaruu, yaani ngozi kwa ngozi? Kanga ifungwe vipi isibane mshono? Na joto hili la kaskazi, ngozi mbili zikilowana jasho, kidonda kitasalimika? Nataka nikienda nyumbani kwao Alhamisi niwe na majibu.

Muuguzi_wa_Moyo amejibu:

Dada, ahsante kwa kuweka siku, uzito, dawa na hali ya mshono. Bila hayo mtu angebaki kubahatisha. Ndiyo, mtoto huyu anafaa kuwekwa kifuani, na angefaa hata kabla hajaruhusiwa. Kilichokatazwa kwenye karatasi ni kuvutwa kifua na kulala kifudifudi pasipo mtu. Kifua cha mama aliye macho si kitanda.

Ukifika nyumbani anza kuwaeleza habari ya kilio, maana ndicho wanachokiona kila usiku. Moyo uliotoka kushonwa hauna akiba kubwa. Mtoto akilia kwa nguvu mapigo yanapanda, mwili unadai oksijeni zaidi, na moyo unalazimika kukimbia wakati bado unajiuguza. Tena kwa watoto waliokuwa na tundu kubwa, mishipa ya mapafu ilishazoea kupokea damu yenye msukumo mkubwa, na kwa muda baada ya upasuaji bado ni myepesi kujibana. Kilio kirefu, maumivu au baridi vinaweza kuichokoza. Mtoto aliyetulia kifuani kwa mama analala usingizi wa kweli, joto lake halipandi na kushuka, na maziwa anayokunywa yanakwenda kwenye kukua badala ya kuishia kwenye kulia. Kumtuliza ni sehemu ya tiba, kama ilivyo dawa ya saa mbili asubuhi.

Sasa kumnyanyua. Mtoto anachotwa, havutwi. Mkono mmoja uingie chini ya shingo na mabega, vidole vimetanuka hadi nyuma ya kichwa. Wa pili uingie chini ya makalio. Mikono yote miwili iinuke kwa pamoja, mwili wote wa mtoto ukiwa kama kipande kimoja. Usimshike kwapani, usimvute mikono akae, usimbebe kwa mkono mmoja uliopita chini ya kifua. Sababu yake ni hii: mfupa wa kidari umepasuliwa kwa urefu kisha ukafungwa. Ukimnyanyua kwa kwapa, kila upande wa mbavu unavutwa kwake, na mvuto wote unaishia pale pale kwenye mpasuko. Ndiyo maana mtoto anaweza kulazwa kifuani kwa mama bila madhara, lakini akadhurika kwa kunyanyuliwa vibaya kwa sekunde mbili wakati anapelekwa hapo kifuani.

Mama akae kwanza, ndipo aletewe mtoto. Asijaribu kuinama kitandani, kumchukua na kuketi peke yake katika wiki hizi za mwanzo; mtu mwenye hofu akipoteza mizani kidogo humkamata mtoto popote mkono ulipo. Mito iwekwe mgongoni ili ainame nyuma, kati ya kulala chali na kukaa wima, kama nyuzi 30 hadi 45. Kifua wazi, bila sidiria, bila mkufu, bila pini ya kanga. Mtoto abaki na nepi tu, na kofia kama kuna upepo wa bahari jioni.

Mlaze wima kati ya matiti, makalio yakiwa yamekaa kwenye kiganja cha mama au kwenye mkunjo wa kanga, ili uzito ushukie makalioni na usiegemee kwenye mshono. Miguu ikunjwe kama ya chura. Kichwa kigeuzwe upande mmoja na kidevu kiinuke kidogo. Hapo kwenye kidevu kuwa mkali: kikizama kifuani njia ya hewa inajikunja na mtoto anaishiwa pumzi kimyakimya, halafu watu watasema ni moyo. Mama akiangalia chini aone pua na mdomo wote.

Muda: usipungue saa moja. Kumhamisha mtoto ni usumbufu, na akirudishwa kitandani baada ya dakika 15 amepata usumbufu wa kwenda na wa kurudi bila kupata usingizi katikati. Anza na muda wa saa moja nzima asubuhi na saa moja nzima jioni, kisha ongeza kadiri wote wawili wanavyoona raha.

Viungo_na_Mifupa amejibu:

Nakubaliana na Muuguzi katika mengi. Nina tofauti moja kuhusu mkao.

Kwa mtoto ambaye hajafikisha wiki tatu tangu apasuliwe, naona afadhali aanze na mkao wa ubavu kuliko kifua kwa kifua kilichonyooka. Mama akae vilevile ameinama nyuma, ila mtoto alale kwa kuelekezwa kiubavu: shavu juu ya titi, ubavu na tumbo vimegusa ngozi ya mama, mgongo umeegemea mkono wa mama. Mshono unabaki na uwazi wa vidole viwili, unaonekana, unapata hewa. Ngozi kwa ngozi si lazima iwe mfupa kwa mfupa. Shavu, tumbo na mapaja vinatosha kumpa mtoto joto na harufu ya mama yake. Akizoea, na mama akiwa na mikono isiyotetemeka, ahamie mkao wa wima.

Habari ya kanga. Tumia kanga iliyokwisha kufuliwa mara nyingi ikalainika. Mpya bado ngumu na inakwaruza. Pande moja la doti linatosha. Likunje kwa marefu libaki na upana wa kutoka makalio ya mtoto hadi chini kidogo ya sikio lake. Lipitishe mgongoni kwa mtoto, lizunguke mgongo wa mama, fundo likae ubavuni mwa mama chini ya kwapa. Fundo lisikae kamwe mgongoni kwa mtoto, maana linamsukuma kifua mbele kama ngumi. Kipimo cha mbano: kiganja chako kilichonyooka kipite kati ya kanga na mgongo wa mtoto bila kulazimisha. Katika njia ya kangaruu ya watoto njiti tunafundisha kitambaa kibane vizuri ili mama atembee na afanye kazi zake. Kwa kifua kilichopasuliwa usifundishe hivyo. Hapa kanga ni ya kumzuia asiteleze tu, na mama aketi.

Na hapo hapo: kumbeba mgongoni, hapana, mpaka daktari wa upasuaji aseme. Mtoto akiwa mgongoni kifua chote kinabanwa kwenye mgongo wa mama, mikono yake inavutwa pembeni, na mama hamwoni uso. Hayo ni makosa matatu kwa fundo moja.

Sasa bibi. Tafadhali usiende kumkataza mbele ya mkwewe kama mtoto mdogo. Ukimvunjia heshima atamkanda siku wewe haupo. Mwamkie, kaa chini, mwambie mjukuu wake bado anahitaji mikono yake, ila mahali pamebadilika. Kinachokatazwa ni hivi: kuivuta mikono na kuipishanisha kifuani, kumninginiza kwa miguu au kwa mikono, kumkunja mgongo nyuma, kukanda kifua na mabega, na kupaka mafuta ya aina yoyote juu ya mshono. Anachoruhusiwa: nyayo, vidole vya miguu, mapaja, viganja, na paji la uso, kwa mkono mwepesi, mtoto akiwa amelala chali au yuko kifuani kwa mama. Mpe kazi hiyo rasmi. Mwonyeshe pia kumchota, maana yeye ndiye atakayemnyanyua mchana mama akioga.

Mfupa wa mtoto huunga katika muda wa wiki sita hadi nane. Kabla ya hapo, ukisikia au kuhisi kidari kinalia kwa kukwaruzika mtoto anapopumua au kulia, ukiona pande mbili za kifua hazipandi pamoja, au kidonda kinaachia na kutoa majimaji, huyo aende hospitali siku hiyo hiyo.

Muuguzi_wa_Moyo amejibu:

Napokea hoja ya mkao wa ubavu. Kwa mama mwenye hofu ni mwanzo mzuri, na mshono unaoonekana unampa yeye mwenyewe amani. Nilichotaka kuzuia ni ile tabia ya kuahirisha: "akifika wiki tatu tutaona," wiki tatu zikaongezeka mbili za ziada, na maziwa ya mama yakaanza kupungua.

Dkt_Raskazone amejibu:

Swali la jasho halijajibiwa, nalo huku kwetu ndilo kubwa.

Kidonda cha upasuaji hakipendi unyevu unaokaa. Chumvi ya jasho haitafumua mshono, lakini ngozi iliyolowa muda mrefu inalainika, inachubuka, na wadudu wa ngozi wanapata mlango. Kaskazi ikiwa kali chagua saa za alfajiri hadi saa tatu asubuhi, kisha baada ya alasiri. Feni iwe ndani ya chumba lakini isimpige mtoto moja kwa moja, ielekeze ukutani. Kati ya ngozi ya mama na mshono weka kipande kimoja cha shashi safi na kikavu, kisichobandikwa, na ukibadilishe kikilowa. Mkimaliza, futa kifua kwa kitambaa safi kwa kugusa-gusa, usisugue. Usiweke poda, dawa ya meno, majivu wala mafuta.

Mama aoge kwanza na kunawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 40 hadi 60. Siku hizi za mwanzo aache marashi mwilini, na chumba cha mtoto kisifukizwe udi. Moshi wa udi ni moshi kama mwingine kwa mapafu yaliyotoka kwenye mashine. Mwenye mafua, kikohozi, jipu au upele kifuani asimbebe, ampishe mwingine. Baba anafaa kabisa, mradi asiwe ametoka kuvuta sigara na shati limejaa harufu.

Joto lipimwe kwapani kabla na baada ya nusu saa. Liwe 36.5 hadi 37.5. Likipita 37.5 toa kofia, fungua kanga, subiri dakika 15, pima tena. Likishuka hapo, lilikuwa joto la kifua cha mama. Likibaki juu au likafika 38, hiyo ni homa mpaka ithibitishwe vinginevyo, na homa kwa mtoto mwenye mshono wa siku 12 inampeleka hospitali bila kujaribu dawa ya dukani.

Kuna jasho jingine msilichanganye na hilo. Mtoto ambaye moyo unazidiwa hutokwa jasho la baridi kwenye paji la uso, hasa akinyonya, huku miguu ikiwa ya baridi. Mtoto mwenye joto la kaskazi hulowa shingoni na mgongoni, miguu ikiwa ya moto. Mama ashike nyayo kabla ya kuamua.

Hesabu pumzi kwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia, si nusu dakika mara mbili. Kwa umri wake, 50 au zaidi kwa dakika ni haraka. Mapigo ya mtoto aliyetulia kwa kawaida huwa kati ya 100 na 160. Simamisha na umrudishe chali, kichwa kimeinuliwa, akibadilika rangi midomo, akigugumia kila anapotoa pumzi, pua zikitanuka, mbavu zikiingia ndani, akilegea, au mapigo yakibaki juu ya 180 hata baada ya kutulia. Asipopata nafuu mara moja, safari ya hospitali ianze.

Kuhusu oksimita, kifaa cha kupima oksijeni ya damu: ile ndogo ya kubana kidole cha mtu mzima haikai kwenye kidole cha mtoto wa kilo nne, na namba inayotoa ni ya uongo. Tumia kihisi cha watoto, kifungwe kwenye unyayo au kiganja, taa na kipokezi viangaliane. Unyayo wa baridi na mguu unaotikisika vinashusha namba. Funika kihisi kwa soksi, maana mwanga wa jua la dirishani nao unakivuruga. Ngoja wimbi la mapigo kwenye skrini litulie ndipo uamini namba.

Na tahadhari moja kwa watakaosoma uzi huu wakiwa na mtoto wa aina nyingine: 97 ni ya mtoto aliyezibwa tundu likaisha. Wapo watoto waliofanyiwa hatua ya kwanza tu, wamewekewa mrija wa kupeleka damu mapafuni, moyo wao bado unachanganya damu. Kwa wengi wao namba inayotarajiwa ni kati ya 75 na 85. Usimvue kifuani kwa mama ukidhani anakufa kwa sababu umesoma 82, wala usimbandike oksijeni kuitafuta 97. Fuata lengo lililoandikwa kwenye karatasi yake.

Tabibu_Pongwe ameuliza:

Shikamoo Daktari. Na kabla ya kuruhusiwa, mtoto akiwa bado wodini na mirija? Wazazi wanaokwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete wakitokea huku hutuuliza kama wanaweza kuomba kumshika mtoto.

Muuguzi_wa_Moyo amejibu:

Waombe, tena waombe mapema. Jibu litatoka kwa timu inayomhudumia, kwa kuwa linategemea kilichounganishwa mwilini siku hiyo.

Hawekwi kifuani kama kidari bado hakijafungwa (wengine huachwa wazi siku kadhaa mpaka uvimbe wa moyo upungue), akiwa kwenye mashine inayofanya kazi badala ya moyo na mapafu, akiwa na mrija uliopita moja kwa moja ndani ya chumba cha moyo, au dawa za kupandisha presha zinabadilishwa kila saa. Akitegemea nyaya za muda za kuendesha mapigo, nazo zinamzuia. Waya mmoja ukichomoka mapigo yanaweza kusimama. Siku nyaya zinapotolewa mtoto huachwa kitandani kwanza akiangaliwa, kwa sababu damu inaweza kuvuja na kuubana moyo.

Mrija wa kifuani, mrija wa kulishia puani, dripu, hata mrija wa mashine ya kupumulia kwa mtoto aliyetulia, havimzuii vyenyewe. Vinataka watu wawili au watatu wa kumhamisha. Mmoja anamchota mtoto, wa pili ameshika mirija tu na hafanyi jambo jingine, wa tatu anaangalia skrini. Kabla ya kumgusa hesabuni mirija yote kwa sauti, mfuate kila mmoja kwa kidole kutoka ngozini hadi kwenye mashine, mhakikishe una urefu wa kufika kwenye kiti. Kiti kisogezwe upande ule ule wa mashine. Mirija ikishafika, ibandikwe kwa plasta kwenye nguo ya mama begani, ikiwa na mkunjo mlegevu, ili mama akijigeuza plasta ndiyo ivutike na si mtoto. Chupa ya mrija wa kifuani ibaki chini ya usawa wa kifua cha mtoto muda wote. Ikiinuliwa, majimaji yanarudi. Na msiukalie mrija huo: ukijikunja chini ya paja la mama dakika kumi, majimaji na hewa vinajaa kifuani, mtoto anaanza kuhema, na kila mtu anatafuta sababu kwenye moyo.

Dawa ya maumivu itolewe nusu saa hadi saa moja kabla. Baada ya kuhamishwa namba hutetereka kidogo. Mpeni dakika 10 hadi 15 atulie kabla ya kuamua kwamba hawezi, mradi hajavuka mipaka iliyowekwa na daktari.

Kama majimaji ya mrija wa kifuani yakigeuka meupe kama maziwa, hiyo ni mafuta ya chakula yanayovuja kutoka kwenye mrija wa limfu uliojeruhiwa. Mtoto atabadilishiwa maziwa kwa muda, apewe yenye mafuta ya aina maalumu. Mama asikate tamaa: aendelee kukamua, aendelee kumweka kifuani. Huo ndio wakati kifua kinasahau kutoa maziwa kama hakiguswi na mtoto.

Dkt_Raskazone amejibu:

Marahaba Tabibu. Niongeze jambo la ushahidi, maana linachanganywa. Njia ya kangaruu ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978 kwa Dkt. Edgar Rey Sanabria, na ilikuwa kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Utafiti mkubwa wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa 2021, ambao Tanzania ilikuwa mojawapo ya nchi tano pamoja na Ghana, India, Malawi na Nigeria, ulihusu watoto wa kilo 1.0 hadi 1.8 waliowekwa kifuani tangu kuzaliwa. Vifo vya siku 28 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 25. Ile asilimia si ya watoto wa moyo, tusiwape wazazi kama ahadi. Kwa watoto waliopasuliwa moyo tafiti ni ndogo ndogo, na zinachoonyesha ni kwamba wakichaguliwa vizuri na kuangaliwa, wanavumilia vema na wanatulia. Hiyo inatosha kuifanya kazi hii. Vilevile zile saa 8 hadi 24 kwa siku ni za watoto njiti. Msimpangie huyu wa Makorora.

Nesi_Makorora ameandika:

Nawashukuru sana, nimenakili yote. Yamebaki mawili. Kunyonya: anachoka baada ya dakika kumi. Na kliniki yake iko Dar wiki ya sita. Mama anataka kumweka kifuani ndani ya basi, kilomita kama 350.

Lishe_ya_Mtoto amejibu:

Kunyonya. Mwondoe mama kwenye kule kumwinamia kitandani; mgongo wake utavunjika na mtoto anameza akiwa chali kabisa. Akiwa kwenye mkao wa ubavu alioueleza Viungo_na_Mifupa, titi liko pale pale. Mweke kifuani robo saa kabla ya muda wa kunyonya, aamke taratibu akitafuta mwenyewe. Akianza kwa kulia ameshatumia nguvu za kunyonyea.

Kila mlo usizidi dakika 30. Ukizidi hapo anachoma zaidi ya anachoingiza. Anyonye dakika kumi anazoweza, kisha amaliziwe kwa kikombe kidogo maziwa yaliyokamuliwa, mara nane hadi kumi kwa siku. Yaliyokamuliwa hayakai nje zaidi ya saa nne hata kwenye chumba cha baridi, na kwa joto la Tanga yasifike huko. Yatumike mapema au yaingie kwenye friji. Akishakula abaki wima kifuani nusu saa, hatacheua sana.

Mpimeni uzito kwa mizani ile ile, bila nepi, kabla ya kula. Gramu 20 hadi 30 kwa siku ni mwendo mzuri. Akiruka ghafla kwa siku moja au mbili huku kope zimevimba na pumzi zimeongezeka, msishangilie. Hayo ni maji. Akiharisha au kutapika akiwa kwenye furosemidi na kaptoprili, daktari ajue siku hiyo hiyo. Na ibuprofeni isiingie nyumba hiyo: ikikutana na dawa hizo mbili kwa mtoto aliyepungukiwa maji, figo zinaumia. Dawa ya maumivu ni parasetamoli, kwa dozi ya uzito wake.

Viungo_na_Mifupa amejibu:

Basi: kangaruu safarini, hapana. Gari likikanyaga breki, mtoto aliyefungwa kifuani anabanwa kati ya mama na kiti cha mbele, na mshono ndio wa kwanza kupokea. Mkanda wa kiti cha mama usipite juu ya mtoto kwa hali yoyote. Wakipata gari dogo lenye kiti cha mtoto, ndilo bora; kitambaa laini kilichokunjwa kikae kati ya mkanda na mshono. Kama ni basi tu, wakate viti viwili katikati ya gari, mama dirishani, mtu wa pili kando yake. Mtoto alale mikononi mwa mama, kichwa kimeinuka, amevaa nguo. Wapange dawa zisiangukie njiani kati ya Segera na Chalinze, na kila gari linaposimama mama amfunue dakika chache, aangalie rangi ya midomo na ashike nyayo. Ngozi kwa ngozi wataifanya wakifika walikofikia.

Muuguzi_wa_Moyo amejibu:

Na Alhamisi, dada, kabla hujamwonyesha kwa mtoto, mwonyeshe kwa mto mdogo au kwa kitenge kilichoviringishwa. Mama achote mara tano, bibi mara tano, baba kama yupo. Mwekee alama ya kalamu kwenye kitenge pale mshono ulipo. Utaona mara ya kwanza kila mmoja atapeleka mikono kwapani bila kujua. Mara ya nne mikono itakuwa imeshajua njia, ndipo wamguse mtoto.

Usiku mama asilale naye kifuani. Akihisi usingizi, mtoto arudishwe chali kwenye godoro lake karibu na mama, hata kama ndiyo kwanza ametulia. Akiwapo mtu wa kukaa macho, shangazi au baba, saa moja ya kwanza ya usiku ifanywe naye. Mara nyingi ndiyo saa kilio kinapoanza.

Nesi_Makorora ameandika:

Nimekuelewa. Nitabeba kitenge na kihisi cha watoto cha kituoni. Nitampigia bibi leo jioni nimwombe anisubiri.